Mama Amefagia Kifusi Chako

Juu ya duka la fundi saa,
Ghorofa ya tatu, mlango namba tisa.
(Anwani hii imebakiza wiki mbili tu. Soma barua yote.)

Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo huko uliko? Kifua chako je, bado kinakubana baridi ikianza, au umeshanunua lile koti ulilokuwa ukilitaja kila tukipigiana simu? Unakula? Usinijibu "nakula" tu. Mimi ndiye niliyekulisha Mama akiwa kazini, najua unavyokula: unanyofoa ganda la mkate lote, katikati unapaacha mezani, halafu unasema umeshiba.

Mimi ni mzima. Macho ndiyo yameanza kunigomea, nimenunua miwani ambayo Mama anasema inanifanya nifanane na bundi. Kazini bado tunatengeneza meno ya bandia, na watu bado wanayasahau kwenye glasi na kuja kutulaumu sisi kwamba yamekauka. Jina ulilonipa limekwama. Juzi mgonjwa mmoja aliingia akauliza, "Dada Meno yupo?" na Daktari, bosi wangu, akaitikia kama vile ndilo jina langu la cheti.

Mama hajambo, ila magoti. Ngazi za jengo hili zimekuwa adui yake. Anashuka Jumanne na Ijumaa tu, kinyumenyume, ameshika reli kwa mikono miwili, na akifika chini anakaa kwenye kiti cha wateja cha fundi saa mpaka apate nguvu za kupanda tena. Fundi saa analalamika kwamba ana mteja mmoja ambaye hajawahi kuwa na saa. Anakusalimu sana, Mama yako. Kama kawaida yake kalamu hashiki; yeye anasema, mimi ndiye karani.

Sasa ugomvi. Ujumbe wako wa mwezi wa nne niliupata. Miaka sita uko huko, Kijiti, halafu mistari minne. Ninayo kichwani: Hamieni nyumba ya chini, Mama asiteseke na ngazi. Chumba changu kitoeni. Ile nyumba mbovu itupeni. Mimi msinihesabu. Niliusoma nimesimama kazini, taya la plasta la mzee mmoja mkononi, na lile taya nililiweka chini polepole kwa sababu nilitaka kulirusha ukutani. Nikakupigia. Simu haikuita. Nimepiga kila siku tangu siku hiyo na haijaita. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Naituma kwenye anwani ya ile ghala uliyokuwa ukifanya kazi, na kama umehama huko, naomba aliyeifungua akutafute.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaamua kukutii. Ijumaa moja mwezi wa tano, Mama akiwa chini kwa fundi saa, nilichukua boksi kubwa la vifaa kazini, nikafungua mlango wa chumba chako ambao huwa siufungui, nikaingia kuitupa ile nyumba yako mbovu.

Unakumbuka ulivyoiacha. Ule mfano wako wa vita juu ya ubao wenye upana wa sinia, uliouhangaikia tangu ulipomaliza shule mpaka wiki uliyoondoka. Jengo la ghorofa mbili lililopigwa bomu, ukuta wa mbele umefumuka, paa limekwenda, sakafu ya juu inaning'inia. Barabarani kifusi, matofali uliyoyachonga moja moja, kila moja kama punje ya mchele. Kifaru kilichokatika mnyororo. Askari sita, mmoja amelala chini ameumia. Na uchafu! Miezi minne ulipaka uchafu tu, masizi hapa, vumbi pale, nami nikikuambia mlangoni kwamba chumba chako kina uchafu wa bure wa kutosha, kwa nini unahangaika kuutengeneza.

Mama amefagia.

Nakuambia nilisimama mlangoni mdomo wazi. Barabara yako nyeupe, safi, hakuna hata kokoto. Kuta amezifuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, masizi yako yote yametoka, na pale palipogoma amepasugua kwa mswaki. Kifaru amekisogeza pembeni kisizibe njia. Askari amewapanga mstari kwa urefu, na yule majeruhi amemwinua, amemwegemeza ukutani apumzike. Na matofali, Kijiti. Ameyaokota yote. Mazima ameyapanga kwenye ukuta wa kulia, safu juu ya safu, yamenyooka kuliko ya fundi yeyote ninayemfahamu. Vipande ameviweka kwenye kopo la siagi, na kopo amelifunika. Juu ya kitanda chako nikakuta kibanio changu cha nyusi, ambacho nilikuwa nimekitafuta mwezi mzima na kumshuku mwanamke wa mlango wa saba.

Alipopanda nilimngojea sebuleni.

"Mama, umefanya nini chumbani kwa Kijiti?"

"Nimefagia."

"Umefagia nini?"

"Pale nyumbani kwake. Miaka sita pamekaa vile, hakuna hata mtu wa kuokota tofali. Na wale askari wamesimama tu, wana mikono."

Nilimfokea. Nakuambia ukweli ili usije ukasikia kwa mtu mwingine. Nilimwambia ameharibu kazi yako, kazi ya miaka, kitu pekee ulichotuachia. Mimi huyohuyo ambaye boksi la kutupia nililiacha wazi katikati ya chumba! Mama aliliona lile boksi, akaniangalia, akaenda kuinjika chai.

Basi nikajiambia hivi: siwezi kutupa kitu kimeharibiwa namna ile. Kwanza nitakirudisha kilivyokuwa, ndipo nitakitupa. Najua hakuna akili hapo. Wewe unanijua, na usijitie kushangaa.

Nilianza Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, na dirisha lako nimelifungua wazi. Kubomoa upya ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Matofali yaliyopangwa na Mama sikuwa na moyo wa kuyagusa, kwa hiyo nikaamua kutengeneza mengine ya kifusi. Hapo nilijiona mjanja. Nilichonga tofali moja la nta kwa kisu changu cha kazini, nikalichukulia alama mara arobaini kwa ule mpira tunaowapa wagonjwa wauume, nikamimina plasta, na kila mara natoa matofali arobaini. Wewe ulichonga moja moja kama mfungwa. Kwenye rangi ndipo nilipoaibika. Kazini hatuna wekundu wa tofali. Tuna wekundu wa fizi. Nikachanganya, nikadhani inakaribia. Yalipokauka nikayamwaga mbele ya jengo lako, nikarudi nyuma kutazama. Nyumba ina fizi, Kijiti. Fizi za mtu mwenye afya njema, anayepiga mswaki mara mbili kwa siku. Mama aliingia kuona ninachocheka, naye akacheka mpaka akakaa kitandani kwako, ameshika goti. Sijamsikia akicheka vile tangu uondoke.

Nilirudia kwa kahawa iliyokolea na masizi ya mshumaa, na hapo yakatoka vizuri, pengine kuliko yako. Samahani, lakini ni kweli.

Jumapili ya pili Mama alikuja na kiti chake. Akakaa nyuma yangu na miwani yake ya kusomea, na vitabu hasomi. Kisha akaanza.

"Hapana. Vioo vyote umeviweka ndani. Vingine hutoka nje. Weka barabarani."

Nikaweka barabarani.

"Ngazi usiivunje. Ngazi hubaki. Nyumba nzima inaondoka, ngazi inabaki peke yake inapanda kwenda hewani."

"Kijiti hakuweka hivyo," nikamwambia.

"Kijiti hakuwepo. Na dirisha la juu litie pazia, litoke nje. Vumbi liwe jeupe, la chokaa, hata kwenye kope za hao askari. Nyeusi inakuja baadaye, moto ukiwaka. Hapa hapakuwaka moto."

"Mama, haya umeyaona wapi, kwenye sinema?"

"Sinema gani. Nyumbani."

Wewe na mimi tumekua tukijua kwamba Mama alilelewa na shangazi yake, na hayo ndiyo yote. Kwao palikuwa mbali, na kaka yake alipotea. Mimi nilidhani alipotea kama wanavyopotea watu wanaokwenda kutafuta maisha wakanogewa. Hata marehemu Baba nadhani hakuambiwa zaidi ya hapo. Jumapili ile aliniambia mimi, na macho yake hayakutoka kwenye ubao wako hata mara moja, kama mtu anayesoma.

Alikuwa na miaka kumi na moja. Nyumba yao ilipigwa bomu mchana, wao wakiwa sokoni, kwa hiyo hakufa mtu. Kaka yake mkubwa alikuwa safarini, utingo wa lori. Walimwita Filimbi, kwa kuwa akirudi alipiga mluzi tangu kona ya mtaa, na Mama alikuwa akiusikia anatoka mbio. Simu hakuna, posta imefungwa. Ikabidi wahamie kwa shangazi, ng'ambo ya reli. Siku zile watu walioondoka waliandika ukutani, ukuta wowote uliobaki umesimama, kwa mkaa. Waliandika mambo matatu: nani yuko hai, wamehamia wapi, na aulizwe nani. Anasema ukipita mtaani ulisoma nyumba kwa nyumba kama unasoma gazeti.

Mama ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote kwao, kwa hiyo kazi akapewa yeye. Mkaa ukamchukiza. Ulichafua mikono, na herufi zilitoka nene, mbaya. Mkobani alikuwa na kipande cha chaki ya buluu ya shule. Akaandika kwa chaki. Akamaliza kwa kuchora ua.

Siku ya tatu mvua ikanyesha, na nyumba haina paa.

Filimbi alikuja. Jirani mmoja alimwona kwa mbali: kijana amesimama mbele ya ukuta mchana kutwa, anaupapasa kwa viganja, anasogea karibu, anarudi nyuma, anapapasa tena. Jirani hakumtambua kwa vumbi. Alimtambua alipoondoka, kwa ule mluzi, na mpaka atoke nje na kumkimbilia, kona ilikuwa tupu. Hakuonekana tena mpaka leo.

"Niliandika kwa chaki," Mama aliniambia. "Nilitaka ipendeze."

Nilikuwa nimeshika kibanio, kwenye kibanio kuna tofali, nikalishikilia tu hewani. Nikamuuliza kuhusu matofali, kwa nini aliyapanga. Akasema walipopata habari kwamba Filimbi amepita, yeye alirudi pale kila siku. Watu wengine walikuja kuokota matofali mazima wajengee. Yeye aliyapanga ili aonekane. Aliona akikaa pale ana kazi mikononi, Filimbi akipita tena atakuta mtu. Alipanga mpaka kiangazi kikaisha. Nyumba haikujengwa.

Sasa fikiria nilichomfokea. Miaka sita anaingia chumbani kwako ukiwa hupo, anakuta nyumba imevunjika na hakuna mtu mbele yake, na anashika kibanio cha nyusi.

Na mengine yote yakanijia kwa mpigo. Unakumbuka fomu zako za shule? Nilizijaza mimi, zote, Mama akisema miwani haioni. Barua za Baba alisomewa akajibu kwa mdomo. Miaka yote hii mimi niliamini moyoni kwamba Mama hajui kuandika, nikamwonea aibu mbele ya walimu wako, nikamficha. Mungu anisamehe. Na hii nyumba! Mara ngapi nimemtafutia nyumba ya chini, mara ngapi nimemwita mkaidi? Hataki kuhama, hataki kitasa kibadilishwe, hataki ile namba tisa mlangoni ipakwe rangi upya hata imebaki mkia. Wewe mwenyewe uliondoka ukicheka kwamba Mama ameolewa na mlango. Nililia kazini, kwenye kabati la plasta, nikatoka nimekuwa mweupe uso mzima, na Daktari akaniuliza kama nimeamua kujitengeneza sanamu.

Ujumbe wako nilikuwa nimemsomea nusu, ule mstari wa kuhama tu. Jumapili iliyopita nilimsomea wote. Niliona mtu aliyebeba aliyobeba yeye, simdanganyi tena.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Hajasema harudi."

"Amesema tusimhesabu, Mama."

"Kuhesabu watoto ni kazi yangu. Yeye hakuulizwa."

Chini fundi saa alikuwa anajaribisha kengele za saa moja baada ya nyingine, na Mama akangoja zote zinyamaze.

"Basi tuhame," akasema.

Nilidhani sikusikia sawasawa. Miaka yote hii nimeomba, nimebembeleza, nimenuna. Lakini alikuwa ameshasimama, anavuta kiti chake kuelekea chumbani kwako. Safari hii, alisema, iandikwe vizuri. Na tuanze na pale palipoharibika kwanza.

Aliniagiza niunguze kijiti cha kiberiti mpaka kiwe mkaa, nikichonge ncha. Kisha akanionyesha mahali: ukuta wa kushoto, chini ya dirisha lenye pazia, usawa wa macho ya mtu mzima. Si usawa wa macho yetu, usawa wa macho ya hao askari wako wenye urefu wa kidole gumba. Niliandika nimeshika pumzi, kwa mkono huu unaochonga meno ya mbele ya watu wakubwa. Yeye alikuwa akisema neno, anangoja, anasema jingine. Filimbi, tuko hai wote. Tuko kwa shangazi, ng'ambo ya reli. Ulizia kwa fundi baiskeli. Alipofika mwisho nikamuuliza, na ua? Akafikiri. Akasema tia, lakini dogo.

Nikaipaka vanishi. Mama akasema paka tena. Nikapaka. Akasema paka tena. Ilipokauka mara ya tatu alilowesha kidole kwenye glasi ya maji, akausugua ule ukuta huku na huku, akatazama kidole chake. Kilikuwa kisafi. Alikitazama muda mrefu.

Kwa hiyo ubao wako haujatupwa, na hautatupwa. Sikuurudisha ulivyokuwa pia, usije ukaniambia sikukuonya. Kushoto kuna kifusi, matofali yangu ya kahawa. Kulia kuna yale aliyoyapanga Mama, sikuyagusa hata moja. Kifaru kimebaki pembeni, Mama hataki kizibe njia. Na mbele ya matofali nimemweka mtu wa saba. Nimemchonga kwa nta, nikammimina kwa ile plastiki ya meno: msichana ameinama, ana tofali mkononi. Mama alimkagua kwa miwani akasema ni mnene mno, siku zile hapakuwa na mtu mnene. Nimempunguza mara mbili. Bado ananung'unika, lakini nimemkuta anamfunika kwa leso Ijumaa akifagia chumba, asipate vumbi.

Tunahama tarehe ishirini na nane. Nyumba yenyewe ni ya chini kabisa, haina hata kipandio kimoja, mlango umepakwa rangi ya kijani ambayo mimi siipendi na Mama anaisifu kwa kuwa inaonekana kutoka mbali. Iko nyuma ya kiwanda cha mikate, asubuhi mtaa wote unanukia. Ina vyumba vitatu. Sikuitafuta ya viwili. Chako ni kidogo, dirisha linatazama ua wa kiwanda, wapakiaji mikate wanapiga kelele, utakereka. Kitanda chako kinakwenda. Ndara zako zinakwenda, zile mbovu, nilizikuta uvunguni zimeelekea ukutani na nikazigeuza zielekee mlangoni. Ubao wako nitaupakata mwenyewe ndani ya gari, nimeshamwambia dereva aendeshe kama amebeba mayai.

Kijiti, sijui nini kilikupata huko. Mtu hasemi "msinihesabu" hivihivi. Kama kazi imekwisha, sema. Kama umeugua, sema. Kama ni aibu, kwamba uliondoka na maneno makubwa na mikono imebaki mitupu, basi nakuambia mimi dada yako kwamba hapa hakuna aliyekuwa akingojea mikono yako iwe na kitu. Ninakukumbuka. Nakukumbuka kwa mambo ya kijinga: harufu ya gundi yako iliyokuwa ikiniumiza kichwa, unavyoimba kwa pua ukipaka rangi, unavyoniita kutoka chumbani kuja kutazama kitu ambacho hakionekani kwa macho. Sikuja mara nyingi. Nilisema nina kazi. Siku hizi nakaa kwenye kiti chako Jumapili nzima, na nikimaliza kitu kizuri nageuka kukuita.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, mengine ni porojo. Njoo, ukiweza. Usipoweza, andika, hata mistari minne, lakini mingine.

Fundi saa anakusalimu, anasema ile saa yako ya mkononi uliyompa kabla ya safari ilishapona, iko kwenye droo na inakwenda sawasawa. Amekubali kuwa mtu wa kuulizwa. Nimemwandikia anwani yetu mpya kwenye kadi naye ameibandika ndani ya kabati lake la kioo. Daktari anakusalimu, anasema ukija na ganda la mkate meno ataangalia yeye mwenyewe. Mwanamke wa mlango wa saba anakusalimu, na mimi nimemwomba radhi ya kibanio, ingawa hakujua kwamba nilimshuku na sasa anajua.

Mungu akulinde popote ulipolala, akupe watu wema wa kukutana nao, na akukumbushe njia.

Nilitaka kutia sahihi hapa na kufunga bahasha. Lakini Mama amesoma juu ya bega langu, amesema barua imepinda, imejaa maneno, na yale ya lazima hayamo. Amevuta kiti. Ameniambia nisogee, na nimpe kalamu.

Mimi niliyekulea na sichoki kukungoja, dada yako,
Meno.

Kijiti mwanangu, tuko hai, mimi na dada yako.
Tumehamia nyuma ya kiwanda cha mikate, mlango wa kijani.
Ukikuta kwa zamani pamefungwa, ulizia kwa fundi saa.
Nimeandika kwa wino.